Ankara za Wageni na Foleni ya Wanafunzi

Wahenga walituachia usemi kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ambacho hawakutuachia ni dawa ya deni lililokwisha kulipwa, wala ya deni ambalo nusu yake ni halali na nusu nyingine ni ndoto ya mwandishi wa ankara. Maradhi hayo niliyaugua mimi mwenyewe kati ya mwaka wa 2018 na 2021, na aliyeniambukiza ni chuo kikuu kimoja cha umma ambacho jina lake nitalihifadhi. Nayahadithia leo kwa kuwa walimu wenzangu wengi wameugua na kunyamaza, na kwa kuwa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu ndio wanaogharimia maradhi hayo pasipo kujua.

Agosti 2018, wakati wa likizo, shule nne za upili ziliandaa kongamano la vyama vya Kiswahili. Mimi nilikuwa mlezi wa chama katika shule yetu, na kwa bahati mbaya nikateuliwa kuwa mweka hazina. Tukakodi ukumbi wa chuo kwa siku mbili, mabweni kwa siku tatu usiku, na chakula katika bwalo lao. Tuliagiza nafasi za watu 80. Tukalipa arubuni ya Sh100,000, tukapewa stakabadhi, tukaondoka tukiwa wenye furaha.

Siku ya kwenda, watu 16 hawakufika. Wazazi wao walikuwa hawajalipa mchango, na mwalimu mkuu wa mojawapo ya shule hizo akaamua kuwazuia. Nilipiga simu chuoni siku mbili kabla ya safari, nikamweleza mama mmoja wa idara ya mapishi kwamba tutakuwa watu 64. Akanijibu, "Hamna neno, Mwalimu, karibuni sana." Niliridhika na karibu hiyo. Msomaji aliyewahi kushughulika na ofisi za umma ameshaliona kosa langu: sikuandika barua.

Baada ya majuma matatu ankara ikaletwa. Malazi ya watu 80 kwa siku tatu, kila mmoja Sh500 kwa usiku mmoja: Sh120,000. Milo kumi ya watu 80, kila mlo Sh150: Sh120,000 nyingine. Ukumbi, Sh30,000. Jumla Sh270,000. Sasa, milo kumi ilitoka wapi? Tuliwasili Alhamisi jioni, tukala. Ijumaa na Jumamosi tukala mara tatu kila siku. Jumapili tukapata kiamsha kinywa na chakula cha mchana, kisha basi likang'oa nanga saa tisa. Hiyo ni milo tisa. Mlo wa kumi, chajio cha Jumapili, kama ulipikwa, uliliwa na watu wengine.

Nikakaa kitako nikafanya hesabu yangu. Watu 64, siku tatu: Sh96,000. Milo tisa ya watu 64: Sh86,400. Ukumbi Sh30,000. Jumla Sh212,400. Nikiondoa arubuni, tulidaiwa Sh112,400. Shule ikaandika hundi ya kiasi hicho, nami nikaiambatanisha na barua ya kueleza kwa nini tunapinga Sh57,600 zilizosalia. Barua na hundi nikavipeleka kwa mkono idara ya mapishi, kwa sababu ndiko ankara ilikotoka. Yule mama hakuwapo. Nikamwachia kijana mmoja aliyekuwa akihesabu sufuria.

Jibu halikuja. Nami, kama binadamu yeyote, nikafasiri kimya kuwa ni kukubaliwa. Mwaka wa 2020 nikahamishwa shule. Mwaka wa 2021 mwalimu mkuu wangu wa zamani akanipigia simu kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka jikoni. Alikuwa amepokea barua ya wakala wa kukusanya madeni, yenye muhuri mwekundu, ikidai Sh170,000 pamoja na ada ya wakala ya asilimia kumi. Sh187,000 kwa jumla, katika muda wa siku 14, la sivyo mahakamani. Hundi yetu haikutajwa. Barua yangu haikutajwa. "Mwalimu," akaniuliza polepole, "zile pesa ulizipeleka wapi?"

Naomba msomaji alitafakari swali hilo. Ankara iliyokosewa haimwibii mteja fedha tu. Humwibia na heshima, hasa mteja huyo akiwa mwalimu aliyebeba fedha za shule. Kama nisingalikuwa nimehifadhi nakala ya hundi, leo hii pengine ningekuwa naandika makala ya aina nyingine kabisa.

Kabla sijaeleza nilichokikuta chuoni, yafaa tujiulize ilikuwaje chuo kikuu kikaanza kuuza wali na vitanda. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka kwamba katika miaka ya mwanzo ya 1990, chini ya sera za marekebisho ya uchumi zilizosukumwa na Benki ya Dunia, serikali ilianza kuachia wanafunzi sehemu ya mzigo wa gharama. Mabwalo ambamo awali wanafunzi walikula pasipo kutoa senti yakageuka kuwa mahali pa kununua kila sahani. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ikaundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995. Vyuo vikaambiwa vijitafutie riziki. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliunda kampuni yake ya biashara, UNES, mwaka wa 1996, na mwaka wa 1998 kikafungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia, mpango uliokuja kuigwa na vyuo vingine na kuingiza fedha nyingi mno.

Fedha hizo ndizo zilizovilevya vyuo. Kisha kisima kikakauka ghafla. Katika mtihani wa KCSE wa 2015, watahiniwa 169,492 walipata alama ya C+ au zaidi. Mwaka uliofuata, baada ya udanganyifu kubanwa, idadi hiyo ilishuka hadi 88,929. Waliofuzu wakawa wachache kiasi kwamba karibu wote wangeweza kupata nafasi za kugharimiwa na serikali, na mwanafunzi wa kujilipia akawa adimu kama mvua ya Januari. Vyuo vikazidi kutazama mali vilizo nazo: kumbi, mabweni yanayolala wazi wakati wa likizo, maabara za kupima udongo, mashamba, nyumba za wageni. Vingine vilikuwa vimekwisha kwenda mbali zaidi. Maseno ina hoteli mjini Kisumu. Moi ilinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex, Eldoret, mwaka wa 2007. Egerton ina jumba la kale la Lord Egerton huko Njoro, ambako maharusi hupigia picha.

Sina ugomvi na biashara hiyo. Bweni likikaa tupu mwezi mzima halimfaidi yeyote ila popo. Ugomvi wangu ni kwamba chuo kilijifunza kuuza kabla ya kujifunza kudai.

Nilifunga safari hadi ofisi ya fedha siku ya Jumanne. Nje ya jengo palikuwa na foleni mbili. Moja ilikuwa ya wanafunzi wapatao mia moja, kila mmoja na karatasi mkononi, wakitafuta kibali cha kufanyia mtihani uliokuwa uanze Jumatatu. Foleni ya pili, ya wateja wa nje, ilikuwa na mtu mmoja. Ni mimi.

Karani aliyenipokea alinitazama, akasimama, akatabasamu. "Mwalimu! Hunikumbuki? Ulinifunza ushairi kidato cha tatu." Nilimkumbuka. Ushairi ulimshinda, lakini hesabu zake zilikuwa safi. Akanivutia kiti, akafungua kompyuta, na katika muda wa dakika 40 mambo yote yakawa bayana.

Hundi yetu ilifika. Ilipelekwa benki ikalipwa. Ila aliyeiingiza katika leja aliiandika kwenye akaunti ya shule nyingine ambayo tunashiriki nayo jina la mtakatifu, shule iliyo kaunti tofauti kabisa, ambayo kwa miaka mitatu ilikuwa ikionekana kuwa imelipa zaidi ya inavyodaiwa. (Hao hawakuandika barua ya kulalamika. Nani angelalamika?) Barua yangu nayo ilipatikana baada ya simu mbili, katika faili ya idara ya mapishi, ikiwa imetobolewa na kufungwa vizuri kabisa. Idara ya fedha haikuwahi kuiona. Kwa idara ya mapishi, kazi ilikwisha walipotoa ankara. Kwa idara ya fedha, kilichoandikwa kwenye ankara ni kweli isiyo na mjadala. Baina ya idara hizo mbili pana ua wa maua na hatua kama sitini.

Hapa ndipo naona kiini cha ugonjwa. Kulipa kuna dirisha, kudai kuna wakala, lakini kupinga hakuna mahali. Ankara ile ilikuwa na nambari, tarehe, jina la benki, na onyo kwamba ukichelewa utatozwa. Haikuwa na mstari hata mmoja wa kumwambia mteja kwamba akiona kosa amwandikie nani, na katika muda gani atajibiwa. Mteja asiye na mahali pa kupingia hufanya mojawapo ya mambo mawili. Kama ni mnyonge, hulipa asichodaiwa. Kama ni mjanja, hakosi kisingizio cha kutolipa anachodaiwa.

Wajanja tunao, tena miongoni mwetu walimu. Namjua mwenzangu mmoja ambaye huipokea ankara yoyote kwa shangwe endapo ina kosa. Akikuta sahani tano zimezidi, huizuia ankara nzima ya sahani mia tano, huku akisema "tunaendelea kujadiliana". Majadiliano hayo huchukua hata miaka miwili. Huo ni ulaghai uliovaa tai. Kiasi usichokipinga hukilipa siku hiyo hiyo, kisha ukapigania kilichosalia kwa maandishi. Nalisema hili bila kujitakasa: hundi nililipa, lakini barua niliipeleka pasipofaa, na sikudai igongwe muhuri wa kupokelewa.

Nilipokuwa nikisubiri faili ile iletwe, jicho langu liliangukia karatasi iliyokuwa chini ya kikokotoo. Ilikuwa orodha ya wadaiwa wa nje, imepangwa kuanzia mkubwa. Haikunihusu na sikupaswa kuisoma. Nilisoma mistari mitatu ya juu. Wa kwanza ulikuwa wizara ya serikali, iliyofanya semina. Wa pili, serikali ya kaunti. Wa tatu, shirika la umma. Kila deni lilikuwa na tarakimu saba. Shule yetu ilikuwa ukurasa wa pili, karibu na mwisho. Nilimuuliza kijana wangu kama wale wa juu nao wameandikiwa na wakala mwenye muhuri mwekundu. Alicheka, akatazama mlangoni, akasema, "Hao, Mwalimu, huandikiwa kwa upole."

Upole huo una sababu, nayo si woga mtupu. Chini ya Sheria ya Mashtaka ya Serikali, Sura ya 40, mtu anaweza kuishtaki serikali na kushinda, lakini hawezi kutuma madalali wakakamate magari ya wizara ili deni lilipwe. Hubaki kurudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa mhusika kulipa, na safari hiyo ni ndefu na ya gharama. Tena chuo kinategemea serikali kwa mgao wake wa kila mwaka. Nani amshtaki anayemlisha? Kwa hivyo wizara hulala mabwenini, hula, huondoka, na ankara yake hukaa kwenye leja ikizeeka.

Ikizeeka, hufa. Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, inaweka miaka sita kwa madai ya mkataba. Chuo kinachongoja kwa upole miaka saba hakina tena cha kupeleka mahakamani, isipokuwa kama mdaiwa alilikiri deni kwa maandishi au alilipa sehemu yake katikati ya muda huo. Na wakati huo wote deni lilihesabiwa kuwa mapato, kwa kuwa mtindo wa uhasibu unaotumiwa na vyuo vyetu huandika mapato pindi huduma inapotolewa, fedha ziwe zimekuja au hazijaja. Hivyo ndivyo chuo kinavyoweza kutangaza mapato mazuri kwenye vitabu huku kikishindwa kununua kemikali za maabara, na huku makato ya pensheni yaliyotolewa kwenye mishahara ya wahadhiri yakikosa kufika yanakotakiwa. Tuliona mgomo wa wahadhiri mwaka wa 2025 uliodumu siku 49. Sidai kwamba ankara za semina ndizo zilizouleta, maana chanzo chake kilikuwa nyongeza ya mishahara ambayo serikali iliahidi na kuchelewa kulipa. Lakini serikali ni ile ile, na tabia yake kwa mwenye kuidai ni ile ile.

Mwanafunzi yeye hana upole wa kuandikiwa. Hulipa kabla ya kufunzwa, ilhali mgeni hulipa baada ya kula. Salio la mwanafunzi haliwezi kuzeeka, kwa sababu lina siku yake ya hukumu, nayo ni siku ya mtihani. Nyuma yangu katika ofisi ile aliketi msichana wa mwaka wa pili aliyekuwa na salio la Sh3,200. Mamake huuza mboga. Alikuwa amekuja kuomba aruhusiwe afanye mtihani kisha amalizie mwezi unaofuata, na karani wa upande ule alikuwa amemwambia aandike barua. Hakujua barua kama hiyo huandikwaje. Chuo kikuu, mwaka wa pili, na hajui kuandika barua ya kuomba muda wa kulipa! Nilikasirika kidogo, kisha nikajikumbusha kwamba sisi tuliomfunza tulimfunza insha za methali. Tuliiandika pamoja juu ya goti langu, tukataja kiasi, tarehe ya kulipa na sababu, kisha nikamsisitizia apate nakala iliyogongwa muhuri. Akaenda nayo dirishani. Sikupata kujua alijibiwa nini.

Watetezi wa vyuo wataniambia kwamba huwezi kufananisha karo na biashara, na kwamba wizara haiwezi kulipa kabla ya huduma kwa kuwa kanuni za fedha za umma haziiruhusu wepesi huo. Nakubali sehemu ya pili. Lakini wizara inaweza kutoa hati ya agizo iliyotiwa saini na mwenye mamlaka, ikithibitisha kwamba fedha zimetengwa, kabla funguo za mabweni hazijatolewa. Mteja binafsi anaweza kulipa nusu, kama tulivyolipa sisi, na salio siku ya kuondoka. Siku hiyo hiyo mtu mmoja wa chuo na mmoja wa mteja waketi wakubaliane: watu wangapi, milo mingapi, wakatie saini karatasi moja. Laiti hilo lingefanywa Jumapili ile saa nane mchana, kabla ya basi kuondoka, makala haya yasingekuwapo.

Kwa madeni madogo yaliyokwama, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka wa 2021 na sasa imefika miji mingine, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kuamua katika siku 60. Mlango huo uko wazi kwa chuo na kwa mteja pia. Sioni haja ya wakala anayekula asilimia kumi kwa kutuma barua ambayo hata hakuifanyia uchunguzi.

Na simu zetu hizi zimeongeza tatizo badala ya kulipunguza. Kijana wangu alinionyesha orodha nyingine, ya malipo ya M-Pesa yaliyofika chuoni bila nambari ya ankara. Watu wameandika jina la mtoto, jina la harusi, au neno "ukumbi" peke yake. Fedha zimo, wenyewe hawajulikani, na huenda baadhi yao wakati huo huo wanasomewa kwamba wanadaiwa.

Nirudi kwa deni letu. Hundi iliporejeshwa katika akaunti yake, zilibaki zile Sh57,600. Mkuu wa hesabu aliitwa, mwanamke mtu mzima asiye na maneno mengi. Chajio cha Jumapili, Sh12,000, alikifuta papo hapo. Kuhusu wale 16 wasiokuja, alisema hivi: "Mwalimu, vitanda vyao niliwawekea. Kuna kanisa lilivitaka nikalikatalia." Nilitafuta la kumjibu nikakosa. Chakula hawakula, na bwalo lilikuwa limeambiwa mapema, hivyo Sh21,600 zikaondolewa. Malazi, Sh24,000, yakabaki. Ada ya wakala akaifuta. Nilimpigia simu mwalimu mkuu, naye baada ya kuguna kwa muda akakubali. Nasema kwa dhati kwamba deni hilo la Sh24,000 lilikuwa halali tangu siku ya kwanza, na barua yangu ya 2018 iliyolikana ilikosea.

Shule ililipa wiki hiyo hiyo. Stakabadhi ikatumwa baada ya majuma mawili, ikiwa na jina la ile shule nyingine ya mtakatifu wetu. Nikaandika barua ya kuomba isahihishwe, nikavuka ule ua wa maua, nikaifikisha masjala ya idara ya fedha, na sikuondoka pale dirishani mpaka nakala yangu ilipogongwa muhuri.